Kuwa mwongozaji wa wapanda mlima Kilimanjaro: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi ya kuongoza wageni Kilimanjaro, pamoja na wagumu, yaani wapagazi wanaobeba mizigo ya wageni, walioko kazini tayari wanaofikiria kupanda ngazi. Maswali ni yale yale yanayoulizwa getini na kwenye daladala za Moshi, na mengine huulizwa na wazazi wanaotaka kujua mtoto wao anakwenda kufanya nini huko juu.

Kazi yenyewe ni ipi hasa?

Wengi huanza wakidhani kazi ni kuijua njia. Njia si tatizo. Kuanzia geti la Machame hadi kempu ya Barafu imekanyagwa na maelfu ya watu, ina vibao, na msimu wa wageni ni nadra kukaa muda mrefu bila kupishana na mtu. Kazi ni kuwajua watu ulionao. Nani ameacha chakula, nani jana alikuwa mchangamfu na leo amenyamaza, nani anaficha maumivu ya kichwa kwa sababu amelipa pesa nyingi na anaogopa kurudishwa. Kutokana na hayo unaamua nani aendelee na nani ashuke. Uamuzi huo ni wako, si wa ofisi wala wa mgeni.

Yapo mengine mengi: kujiandikisha getini na kila kempu, kugawa mizigo, kupanga na mpishi, kukagua mahema, kuhakikisha takataka zilizopanda zinashuka. Lakini ukiuliza mwongozaji mzuri ni yupi, ni yule ambaye watu wake wote wanarudi getini wazima, waliofika kilele cha Uhuru na wasiofika. Mimi siipimi kazi ya mtu kwa mara alizopiga picha kwenye kibao cha mita 5,895.

Je, lazima nianze kama mgumu?

Si lazima, ila waongozaji wengi sana wamepitia huko, na naona ndiyo njia bora. Aliyebeba mzigo kwenye mvua kutoka kempu ya Shira hadi ya Barranco hahitaji kuhubiriwa kwa nini mgumu anataka koti zuri na chakula cha moto. Pia mgumu anajua mambo ya mlima ambayo darasani hayapatikani. Mfano ni maji. Barafu hakuna maji. Wanaolala pale huyabeba kutoka bonde la Karanga. Njia ya Marangu nayo, maji ya mwisho yako njiani kabla hujafika kempu ya Kibo. Asiyepanga hilo mapema atawapandisha watu kileleni na chupa nusu.

Ngazi ya kawaida ni hii: mgumu, kisha mhudumu wa hema la chakula au msaidizi wa mpishi, kisha mgumu wa kilele anayesaidia usiku wa mwisho, halafu mwongozaji msaidizi, na mwishowe mwongozaji mkuu. Wapo wanaotoka chuoni wakaingia moja kwa moja kama wasaidizi. Hao wakubali kukaa misimu kadhaa chini ya mzoefu, na wamsikilize hata kama elimu yake ya darasani ni ndogo kuliko yao.

Nahitaji elimu gani na leseni gani?

Huwezi kupitisha wageni getini kama mwongozaji bila leseni. Mlima uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, KINAPA, iliyo chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na makao yake yako kwenye geti la Marangu. Nenda pale ukaulize utaratibu wa mwaka huo wa mafunzo, mtihani na ada, maana hubadilika, na maneno ya kijiweni yamewapotezea vijana wengi pesa kwa madalali.

Kwa upande wa vyuo, Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika kilichopo Mweka, kilichoanzishwa 1963, ndicho chenye jina kubwa zaidi mkoani. Moshi na Arusha pia kuna vyuo vingi vya utalii, na ubora wao unatofautiana sana. Kabla hujalipa, uliza walimu wenyewe wamepanda mlima lini mara ya mwisho, na wanafunzi wao wanafanya kazi wapi sasa.

Kingereza changu si kizuri. Nitaweza?

Utaweza ukijituma. Anza na lugha ya mwili na ya maradhi: kichwa kinauma wapi, umekojoa mara ngapi, umelala, unaona mbili mbili? Mgeni atasamehe sarufi, lakini ukishindwa kuelewa kwamba kifua kinambana, hapo ndipo hatari. Baada ya Kingereza, Kijerumani, Kifaransa na Kihispania vinalipa. Waongozaji kadhaa wamejifunza kwa simu wakiwa kempu, jioni baada ya kazi.

Ugonjwa wa mwinuko ni nini, na mwongozaji anapaswa kujua kiasi gani?

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kileleni kila pumzi inaleta karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata pwani. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka muda. Ukiupandisha haraka, kwanza unatoa ishara ndogo: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu usioeleweka, usingizi wa mang'amung'amu. Huo ndio ugonjwa wa mwinuko wa kawaida, na wengi wanaupata kwa kiasi fulani. Mwenye dalili hizo hapandi zaidi mpaka zipungue.

Kuna aina mbili zinazoua. Ya kwanza ni maji kujaa kwenye mapafu: mtu anakosa pumzi hata akiwa amekaa, anakohoa, wakati mwingine anatoa makohozi yenye povu, midomo inageuka rangi, na ukimwekea sikio mgongoni unasikia sauti ya majimaji. Ya pili ni ubongo kuvimba: anayumba, maneno yanachanganyika, hajui amelala kempu gani, au anakuwa mkali bila sababu. Mwambie atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa kidole. Asipoweza, hakuna mjadala tena.

Tiba ya zote mbili ni kushuka, sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku na mvua inanyesha. Oksijeni ya mtungi, dawa za dharura na mfuko wa shinikizo anamolazwa mgonjwa vinanunua muda tu. Kosa baya kabisa ni kumpa oksijeni, akajisikia nafuu, kisha mkaendelea kupanda. Nimeona wenzangu wakishawishika hivyo, na siku zote ni kwa huruma. Mgeni analia, anasema amejiandaa mwaka mzima. Huruma ya kweli pale ni kumshusha.

Kuhusu Diamox, wageni wengi huja nayo wameandikiwa na daktari wao. Inausaidia mwili kuzoea, inaongeza mkojo na vidole vinawasha. Wewe si daktari. Usigawe vidonge ovyo kwenye hema la chakula.

Kozi ya lazima, kwa maoni yangu, ni ile ya huduma ya kwanza ya porini inayochukua siku nane hadi kumi. Cheti chake huisha baada ya miaka 2 au 3, na lazima kirudiwe. Ni ghali. Kampuni nzuri huwalipia watu wake; kama yako hailipi, weka akiba ya tipu kwa ajili hiyo kabla ya kununua simu mpya.

Ukaguzi wa afya wa jioni unafanyikaje?

Wageni wakifika kempu wanapewa maji ya moto ya kunawa, chai na bisi. Waache wakae, joto lirudi. Baada ya chakula cha jioni ingia hema la chakula na daftari lako na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni. Vidole viwe vya moto. Kidole cha baridi kinadanganya. Andika oksijeni na mapigo ya moyo ya kila mmoja, kisha uliza kwa sauti ya kawaida: kichwa kikoje kati ya sifuri na kumi, umekula nini, tumbo, usingizi, choo.

Namba peke yake haitoshi. Kwenye mita 4,600 mtu kuwa na asilimia 80 si ajabu, na anaweza kuwa mzima kabisa. Mwenye 88 anayeshindwa kufunga kamba za viatu ndiye wa kuogopa. Linganisha mtu na yeye mwenyewe wa jana, na ndiyo maana daftari lina maana.

Muulize mhudumu wa hema pia. Yeye ndiye anayekusanya sahani, anajua nani alizungusha tambi kwa uma tu. Na mwambie kila mgeni pembeni, si mbele ya wenzake, kwamba akiamka usiku na jambo lolote aite. Ukweli mwingi husemwa mlangoni pa hema, ukiwa na mtu mmoja.

Kwa nini siku zaidi mlimani zinasaidia?

Kwa sababu ya kanuni ya kupanda juu na kulala chini. Wanaotumia njia ya Machame au Lemosho hupitia Lava Tower, kwenye mita 4,600 hivi, halafu wanashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Mwili umeonjeshwa kimo na usiku unapumzika. Marangu inaweza kufanywa kwa siku tano, lakini siku ya ziada kempu ya Horombo, mita 3,720, inabadilisha safari nzima. Mgeni akikuomba ushauri kabla ya kulipa, mshauri aongeze siku hata kama ni ghali. Ndiyo ushauri mmoja wenye faida kuliko vifaa vyote atakavyonunua.

Usiku wa kilele ukoje?

Mnaamka saa tano usiku, chai na biskuti, mnaondoka karibu saa sita. Taa za vichwani, mwendo wa polepole kweli kweli, ambao mgumu wa kawaida anaona kama amesimama. Anayeongoza mbele ndiye injini: hatua fupi, pumzi, hatua. Akiharakisha kidogo tu, saa moja baadaye watu wanatapika.

Baridi inaweza kushuka nyuzi 15 chini ya sifuri, na upepo unazidisha. Maji kwenye mipira ya kunywea huganda, kwa hiyo waambie mapema wabebe chupa, ndani ya koti. Mapumziko yawe mafupi. Anayekaa kwenye jiwe dakika kumi anapoa na kusinzia. Kila mgeni awe na jicho la mwongozaji juu yake, na kampuni makini hupandisha mwongozaji mmoja kwa kila wageni wawili, ili mmoja akishuka kundi lisibaki bila mtu.

Kutoka Barafu mnafika Stella Point, ukingoni mwa kreta, karibu na mapambazuko. Wa Marangu wanatokea Gilman's Point. Kutoka hapo hadi Uhuru ni mwendo mrefu kuliko unavyoonekana. Kisha kuna kushuka siku hiyo hiyo, mpaka kempu ya Millennium au Mweka. Ajali nyingi za vifundo vya miguu na magoti hutokea huko, watu wamechoka, wamefurahi, wameacha kuangalia chini. Usilegee.

Mgeni akikataa kushuka?

Weka msingi siku ya kwanza. Wakati wa maelezo hotelini, waambie wote waziwazi: "Mimi nikisema tunashuka, tunashuka." Wakikubali wakiwa na akili timamu, kazi ya juu inapungua.

Ikitokea, usibishane mbele ya kundi. Muite kando, mwambie unachokiona: "Umetapika mara tatu, huwezi kutembea kwenye mstari." Mpe mwongozaji msaidizi atakayeshuka naye, asishushwe na mgumu peke yake. Asiyeweza kutembea anabebwa kwa machela ya tairi moja iliyopo kempu kubwa, na kazi hiyo inataka watu kama sita wanaopokezana. Helikopta ipo, lakini hairuki kwenye ukungu wala kila saa. Wasiliana na askari wa hifadhi mapema. Usingoje hali iharibike ndipo upige redio.

Nina wajibu gani kwa wagumu?

Mkubwa kuliko kwa wageni. Mgeni ana bima, ana koti la gharama, ana watu wa kumsemea. Mgumu ana wewe.

Kikomo cha mzigo ni kilo 20. Mizani iko getini, mizigo inatundikwa mmoja mmoja, na mambo huonekana safi. Ujanja hutokea baada ya geti: mgumu mmoja anarudishwa, mzigo wake unagawanywa kwa waliobaki, posho yake inaingia mfuko wa mtu. Ukiwa mwongozaji usiruhusu hilo hata siku moja. Wala usichukue pesa kwa kijana ili umpe nafasi ya safari. Linafanyika, kila mtu Moshi anajua, na ni wizi.

Getini kabla ya kuondoka, pita kwa kila mgumu uangalie miguu yake kwanza. Viatu vya raba vilivyotoboka na suruali ya jinsi vitamuua mtu kwenye mvua ya baridi Shira. Mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, ulioanza 2003 na wenye ofisi Moshi, huazimisha nguo za mlimani bure. Mtume akachukue siku moja kabla. Kempu, uliza: "Mdogo wangu, umekula?" na usiridhike na "ndiyo, kaka." Chungulia hema lao: godoro liko chini, au wamelala kwenye maji?

Mgumu naye anaugua mwinuko. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kukosa safari ijayo. Mkague kama unavyomkagua mgeni, na akishuka mgonjwa alipwe siku zake.

Ukimkuta mgumu wa kampuni nyingine ameketi pembeni ya njia anatetemeka, simama. Mvalishe, mpe kitu cha moto, mtafute kiongozi wake. Koti lake ni la kampuni gani si hoja.

Malipo yakoje?

Kuna posho ya siku na kuna tipu. Posho hutofautiana sana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo iulize kabla ya safari na ikiwezekana iwe kwa maandishi. Tipu mara nyingi ndiyo sehemu kubwa, nayo hutolewa siku ya mwisho. Fanya hivi: waombe wageni waandike kiasi cha kila kundi, mwongozaji, mpishi na mgumu, kisha kisomwe kwa sauti mbele ya wote. Bahasha inayopokelewa gizani huvunja timu.

Kumbuka pia misimu. Januari hadi katikati ya Machi na Juni hadi Oktoba kuna kazi. Masika, Aprili na Mei, mlima hauna watu. Mwenye familia apange kwa mwaka mzima, awe na shamba, bodaboda au duka la kumvusha, na achangie NSSF na bima ya afya hata kama kampuni haimsukumi.

Wanawake wanaweza?

Wanafanya, na wanazidi kuongezeka. Vikwazo wanavyokutana navyo vinatokana na mpangilio: kulala hema moja na wanaume kumi, choo, na wakubwa wa kazi wanaodai rushwa ya ngono. Dada anayeingia achague kampuni inayompa hema lake au la wanawake wenzake, na aulize hilo kabla ya kukubali safari. Wageni wengi wa kike humwambia mwongozaji wa kike mambo ya mwili ambayo hawatamwambia kaka yeyote, na hiyo ni faida ya kiusalama kwa kundi zima.

Nahitaji kujua kupanda kwa kamba?

Njia za kawaida hazihitaji. Ukuta wa Barranco unapandwa kwa mikono na miguu, na kazi yako ni kuonyesha pa kushika, kumtuliza anayeogopa, na kuwapisha wagumu wenye mizigo. Njia ya Western Breach ni habari nyingine: Januari 2006 mawe yaliporomoka na kuua wapandaji watatu Wamarekani, njia ikafungwa hadi mwishoni mwa 2007. Kule ni kofia ngumu, na kupita kabla jua halijalegeza barafu inayoshika mawe. Kilele cha Mawenzi, mita 5,149, ni mwamba mbovu unaotaka kamba na utaalamu.

Hata hivyo jifunze. Fundo la nane, kuvaa mshipi, kumshushia mwenzako kamba. Kanuni ya walimu wa kamba ifuate kila mahali: aliyefunga anakagua, na mwenzake anakagua tena kwa kugusa kwa mkono.

Nijue nini kuhusu mlima wenyewe?

Mengi, kwa sababu safari ni ndefu na wageni wanauliza. Jua kwamba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni, Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anakumbukwa kama mwongozaji wao. Jua kwamba usiku wa uhuru, Desemba 1961, Alexander Nyirenda aliuwasha mwenge huko juu. Onyesha mbega msituni, lobelia zinazofunga majani usiku kujikinga na baridi, na sale, mmea ambao Mchagga huutumia kuomba msamaha. Na wakikuuliza kuhusu barafu usiwafiche: kati ya 1912 na 2007 asilimia 85 hivi ya eneo lake ilipotea.

Mimi ni Mkenya. Naweza kuongoza Kilimanjaro?

Hapana, Sheria ya Utalii ya 2008 imeiweka kazi hii kwa Watanzania. Lakini una Mlima Kenya nyumbani, na kwa anayependa kamba una utajiri zaidi yetu. Kilele cha Lenana, mita 4,985, ni cha kutembea. Vilele vya Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, ni vya kamba hasa. Na kwa kuwa mlima uko kwenye ikweta, upande wa kaskazini hupandwa zaidi Juni hadi Oktoba na wa kusini Desemba hadi Machi, kufuata jua. Anzia kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na vyama vya waongozaji vya Naro Moru au Chogoria.

Mtu anafanya kazi hii mpaka umri gani?

Magoti ndiyo huamua, na magoti huharibiwa na kushuka. Tumia fimbo mbili tangu ukiwa kijana, usikimbie mteremko wa Mweka kuwahi gari, na usijivunie kubeba begi la mgeni juu ya lako. Wapo wazee wanaopanda hadi miaka ya sitini. Wengine wanageukia kufundisha, kusimamia vifaa, au kufungua kampuni, jambo linalohitaji leseni ya biashara ya utalii, TALA, na mtaji wa kutosha kulipa watu kabla mgeni hajalipa.